Kundi la Kukaa

Kazi ya Zinaida ni kukaa. Wanaoshukia treni za chini ya ardhi pale Kyiv humwona ndani ya kibanda cha vioo, mwisho kabisa wa ngazi za umeme, akikodolea macho miguu ya watu ili asije mtu akaanguka. Haruhusiwi kusoma, kufuma, wala kuinuka mpaka mwenzake aje kumpokea. Dada yake Nadia alikikalia kiti hichohicho, hadi damu ilipomganda mguuni, bonge likapanda mapafuni, akafa kabla ya kustaafu. Tangu hapo Zinaida anakiogopa kiti chake, na bado anakikalia.

Ndiyo maana Daktari Solomia alipokuja kutafuta watu wazima wenye afya kwa utafiti wake, Zinaida alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Daktari alitaka kujua kama mazoezi ya mara kwa mara hupunguza fibrinojeni, protini inayosaidia damu kuganda. Kundi moja lingetembea kwa kasi bustanini pamoja na mwalimu. La pili lingeishi kama kawaida, ili walinganishwe. Kura ikapigwa, Zinaida akaangukia kundi la kukaa.

"Nihamishe, daktari, nakuomba."

"Siwezi, mama. Nyinyi ndio kipimo chetu. Msibadilishe chochote mpaka theluji iyeyuke."

Basi hakubadilisha; hata nyumbani alipanda lifti kama zamani, si ngazi. Raisa, mwenzake wa zamu aliyebahatika kuangukia kundi la kutembea, akawa anaingia kazini mashavu mekundu, anapanda ngazi kama msichana.

"Shoga, wewe nawe! Nani atakuona ukizunguka jengo lenu jioni?"

"Nimeahidi."

"Umeahidi kufa?"

Neno hilo lilimchoma. Nyumbani alivaa viatu vya matembezi alivyonunua siku ya kujiandikisha, akafika mlangoni, akavivua. Alijichukia kwa hilo, maana hakuna aliyemfungia mlango.

Theluji ikayeyuka, damu zikapimwa. Daktari akamwita peke yake, macho yamemvimba.

"Zinaida Petrivna, kundi lako limeniangusha. Wamekiri wenyewe: huyu anaogelea, yule kanunua baiskeli. Eti niliwatisha kwa habari za damu kuganda!"

"Wote?"

"Wote isipokuwa wewe. Wewe kwa nini hukutembea?"

"Si uliniambia nisibadilishe kitu?"

Daktari akamshika mkono.

"Itabidi nianze upya. Nina mtu mmoja tu wa kumwamini. Ungenikubalia kukaa tena mpaka theluji ya mwakani iyeyuke? Lakini unaweza kukataa, mama. Kabisa. Sitakulaumu."

Hapana ilikuwa tayari ulimini. Alikuwa ameitafuna majira yote ya baridi. Alimfikiria Nadia. Alivifikiria vile viatu, vipya hadi leo. Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

"Na pale nyumbani," akauliza, "niendelee kupanda lifti?"