Kilemba Kipya Kwenye Ngoma ya Tope

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ana mapenzi na mtambo. Kaka analijua hilo na amekwisha kulikubali. Mtambo wenyewe ni chujio la tope katika kiwanda cha sukari: ngoma kubwa ya chuma inayozunguka polepole, nusu yake imezama katika tope linalobaki juisi ya miwa ikishasafishwa. Pampu huvuta kutoka ndani, juisi ya mwisho hupenya kwenye matundu, tope huganda juu ya ngoma kama ukoko wa sufuria, kisha kisu hulibandua. Wifi akirudi nyumbani, kaka humuuliza, "Mwenzangu hajambo?"

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho ya majaribio yake. Msimamizi wa zamu alimwambia waziwazi: ngoma ikienda vizuri mpaka zamu iishe, ni yake; ikitoa uji, anarudi kufagia uwanja wa makapi. Basi wifi alikuja hakamatiki. Alivaa kilemba kipya cha rangi ya limau, akanizunguka ili nikione kila upande.

"Wifi, unakwenda harusini au topeni?"

"Nakwenda kuposwa, na wewe ndiye shahidi!"

Kazi yangu ni kuchukua sampuli za maabara, kwa hiyo hupita kwake mara kwa mara. Kila nikipita hupiga chafya, maana juu ya pipa la tope pana bomba linalomwaga unga wa makapi ya miwa. Bila unga huo tope halishikani. Asubuhi hiyo nilijaza chupa yangu, tukacheka mpaka mbavu zikauma, nikaenda zangu.

Niliporudi nilimkuta anakimbia huku na huko. Ukoko haukuwapo. Tope liliteleza kwenye ngoma kama uji wa mgonjwa, na mshale wa geji inayopima mvuto wa pampu ulikuwa umelala chali.

"Wifi, nimekwisha! Nimekwisha mie!"

Alisikiliza pampu; inanguruma vizuri. Alitega sikio kwenye kila kiungo cha bomba la pampu, asisikie hewa ikivuja. Alitazama matundu ya kunyunyizia maji, akapapasa wavu mzima unaoifunika ngoma akitafuta mpasuko. Akaitukana ngoma, kisha akaiomba radhi. Mimi wa maabara sijui lolote la mitambo, nilikuwa nacheka kwa woga tu, hata nikashangaa pua yangu imetulia.

"Wifi," nikamwambia, "mbona leo sijapiga chafya hata moja?"

Akasimama ghafla. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kilemba.

"Mama yangu! Gunia!"

Kumbe alikuwa amefunga gunia kwenye mdomo wa bomba ili unga usikichafue kilemba. Kidogo tu, eti, mpaka watu wote wakione. Halafu furaha ikamsahaulisha.

"Mtaka yote hukosa yote," nikamchokoza, lakini alikwisha kupanda ngazi. Gunia lilikuwa limefura. Akavuta kamba, na papo hapo msimamizi akatokea chini yake.

Hatukuonana kwa muda. Tulisikilizana chafya tu. Vumbi lilipotulia, msimamizi alikuwa rangi ya makapi toka utosini hadi viatuni, yamebaki macho.

"Nani kafunga gunia?"

Nikaitazama chupa yangu kwa makini sana. Wifi angeweza kusema amelikuta. Alishuka ngazi taratibu.

"Mimi, mkuu. Nilikuwa nakiogopea kilemba."

Msimamizi akageuka. Alisimama mbele ya ngoma, nasi tukasimama. Ilizunguka, ikazunguka tena. Uji ukaanza kuwa mzito, mshale ukajiinua, na ukoko ukatokea: mnene, mkavu, unabanduka vipande vizima. Moyo ulinidunda kana kwamba ngoma ni yangu. Msimamizi akaubonyeza kwa dole gumba, alama ikabaki. Akapiga chafya.

"Kesho," akasema, "uje hapa na kilemba kilichochakaa."

Wifi alisikia neno moja tu.

"Kesho! Wifi, kasema kesho!"

Tulikumbatiana tukarukaruka topeni kama watoto. Kisha akakivua kile kilemba cha rangi ya limau, akampa msimamizi ajifute uso. Akajifuta, hadi ndani ya masikio.