Mkono wa Orynsha

Pale Tasbulak, kijiji cha nyikani, mtoto akianza kusimama hufungwa miguu kwa kamba ya sufu nyeusi na nyeupe, kisha mtu huitwa aikate kwa kisu. Haitwi mtu yeyote tu. Mtoto hufuata nyayo za aliyemkatia: akikatiwa na mvivu, atakuwa mvivu; akikatiwa na mwenye mkosi, basi tena. Ndiyo maana akina mama waligombania mkono wa Orynsha.

Orynsha alikuwa mpeleka barua wa shamba la ushirika. Vita vilimchukua mume, vikamchukua na farasi, akabaki na mwana mmoja na miguu miwili. Kwa miguu hiyo alikwenda kilomita ishirini na tano kwa siku, iwe theluji isiwe, na jioni alikuwa bado na pumzi za kucheka.

“Njoo umkatie Yerkin wangu Jumapili,” jirani yake Kulpash alimwambia siku moja ya Agosti mwaka 1953, “asije akamrithi baba yake, anayechoka kwa kuvaa viatu tu!”

“Na baba yake nitamkatia, akikubali kufungwa.”

Walicheka mpaka mbuzi wakageuka kuwatazama. Walikuwa mashoga wa kuazimana chumvi, ukuta wa mmoja umeegemea wa mwenzake.

Siku nne kabla ya sherehe, askari walikuja. Waliwatoa watu majumbani na kuwalaza kwenye mtaro nyuma ya zizi, wakawafunika kwa mazulia ya sufu. Msiangalie, walisema. Kwa nini, hawakusema. Orynsha alilala na uso chini, kiganja machoni. Ghafla mwanga ulipenya zulia lenye unene wa kidole, ukapenya na kiganja, naye akaona mifupa ya mkono wake mwenyewe, mmoja mmoja, macho yake yakiwa yamefumba. Kisha ardhi ikatikisika kama mkeka unaokung'utwa. Sauti ilikuja mwisho, na baada yake hakubweka hata mbwa mmoja.

Walipoinuka, wingu lilikuwa limesimama nyuma ya mlima, na shina lake. Mbayuwayu walitambaa barabarani kama panya, mbawa zimeungua. Mpaka jioni vumbi la kijivu lilianguka taratibu, nao wanawake wakalipangusa juu ya unga uliokandwa na kuendelea na kazi.

Sherehe nayo ikaendelea. Nani angewaambia waahirishe? Jumapili walitandika majani mabichi, wakanywa maziwa ya farasi yaliyochachuka, na Orynsha akakata kamba ya Yerkin, ya kwanza kati ya tano mwezi huo. Mtoto alikwenda hatua tisa akiwa ameshikwa mikono, watu wakazihesabu kwa vigelegele.

Baada ya majira mawili ya baridi, wawili kati ya wale watano walikuwa kaburini. Mmoja nywele zilimtoka na hazikurudi. Yerkin hakuongeza hatua ya kumi. Miguu yake ilisinyaa akiwa hai, akifuata mama yake kwa macho tu.

Watu hawakuwa na jambo lingine la kushika. Walikuwa na kisu kimoja, na mkono mmoja.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” walisema kisimani, na Orynsha akifika, wakanyamaza. Kulpash alianza kuvuka barabara kila akimwona. Barua za nyumba ile Orynsha aliziacha juu ya uzio, akazikandamiza kwa jiwe.

Kila kiangazi lilikuja lori la kijani na madaktari waliovaa kanzu nyeupe. Walipima uzito, walichukua damu, nywele na meno ya watoto, wala hawakuacha hata kidonge kimoja. Eti walikuwa wakitafuta homa ya mifugo! Walikuwa na kisanduku kilicholia tik-tik. Mbele ya Yerkin kililia kwa kasi ya mvua ya mawe juu ya bati. Daktari aliandika, akamtazama Kulpash, akatabasamu.

Mwaka wa tatu Orynsha alimfuata daktari huyo hemani. Jina lake Gorshunov, kijana bado.

“Daktari, wewe umesoma,” alinong'ona. “Watoto hawa niliwakatia kamba mimi. Ni mkono wangu?”

Kalamu ilisimama. Daktari alitazama mlangoni, ambako siku zote aliketi mtu mwenye kofia ambaye hakuwahi kupima mtu.

“Labda, mama,” alisema, “ingekuwa vyema usikate tena.”

Mungu amsamehe, mimi ninayesimulia siwezi. Alijua, na neno moja lingetosha.

Orynsha hakukata tena. Walipomfunga mjukuu wake wa pekee, alijificha zizini, mikono kwapani, mpaka vigelegele vikaisha. Hakumshika mtoto wa mtu shavu, hakukanda unga wa sherehe. Kuna asubuhi ambazo sakafu ilitetemeka, vikombe vikagongana mezani bila kuguswa. Watu walisubiri vitulie, wakaendelea kunywa chai. Orynsha alitazama mkono wake ulioshika kikombe, akajiuliza sasa umemfikia nani.

Mwaka 1989 mambo yalilegea huko juu serikalini, na mkutano ukaitwa kwenye ukumbi wa shamba. Jukwaani alipanda mzee mmoja. Alikuwa Gorshunov. Alisema yote: mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa nyuma ya mlima, vumbi lake la sumu, majani, maziwa. Alisema hawakuletwa kutibu, waliletwa kuangalia.

Orynsha alisimama. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

“Uliniambia nisikate tena.”

Gorshunov alimkumbuka. Ilionekana usoni. “Nilikuwa nimetia sahihi kwamba sitasema, mama. Nilikuwa na watoto.”

“Na mimi nilikuwa na wa kijiji kizima.”

Hakungoja jibu. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Kulpash. Kulpash mwenyewe alikuwa amefariki, yapata miaka miwili sasa, lakini Yerkin alikuwapo, ameketi kwenye kiti chake mlangoni, redio ya mtu aliyokuwa akiitengeneza imefunguliwa mapajani.

“Haikuwa mkono wangu,” Orynsha alisema, akihema. “Yerkin, mwanangu, daktari amesema mbele ya watu wote. Laiti mama yako angesikia!”

Yerkin aliweka bisibisi chini polepole.

“Alijua, shangazi.”

“Alijua nini?”

“Yote. Nikiwa na miaka kumi na mmoja alinipeleka hospitali mjini. Muuguzi mmoja alimhurumia, akamwambia. Wakubwa wakagundua, wakamlazimisha kutia sahihi karatasi: akisema, posho yangu inakatwa, na yeye anafungwa.”

“Lakini alinichukia mpaka kufa! Alivuka barabara!”

“Miaka ile ya kwanza alikuchukia, kweli. Baadaye alivuka kwa sababu angekutazama usoni, angesema. Akirudi ndani alikuwa akilia. Alipokuwa anakufa aliniambia, nikifa mwambie Orynsha.”

“Umenificha miaka miwili, Yerkin?”

“Miwili na miezi minne. Karatasi ile ina jina langu pia, shangazi. Niliogopa.”

Orynsha aliinua mkono. Alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumkumbatia, na hakufanya lolote. Aliketi kizingitini, mahali ambapo kwao mtu haketi kamwe, akamlilia Kulpash kwa sauti, kilio kamili cha msiba, akimtaja jina na sifa zake moja baada ya nyingine. Siku ya mazishi alikuwa amejifungia nyumbani kwake, amejiziba mdomo, kwa kuwa aliamini hana haki ya kumlilia.