Kwenda Polepole Bila Kugusa Chini

Nimeendesha bodaboda kati ya Nyakitonto na Kasulu kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo sikuwahi kutumia breki ya mbele. Sisemi niliitumia kidogo. Nilikuwa nimeitoa. Nikipata pikipiki mpya, kabla hata ya kubandua nailoni kwenye kiti, nilichukua spana nikalegeza waya wa breki ya mbele mpaka mkono wake ukaning'inia bila kazi. Niliamini kwamba breki ya mbele inaua. Nilishaona mtu mmoja ameibana ghafla, akaruka juu ya usukani na kutua kwa meno, na huyo mmoja alinitosha. Kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wa kijiwe, kila aliyeanza kazi nilimlegezea waya wake kwa mkono wangu, bure, kwa moyo mweupe kabisa.

Kosa la pili lilikuwa kuzima injini. Huku kwetu ni kupanda na kushuka siku nzima. Ukifika juu ya mlima unazima, unaweka gia huru, unaserereka kimya hadi bondeni, na petroli inabaki kwenye tangi. Tuliita kula bure. Nilijisifu kwamba natoka Nyakitonto chai ikiwa mezani na nafika Kasulu haijapoa. Nikikumbuka majigambo yale nachoka upya.

Masika ya mwaka juzi nilimpakia mke wangu pamoja na kapu lake la maharage, tunakwenda sokoni Kasulu. Kwenye mteremko mrefu unaoshuka mtoni nilizima injini kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Tulipozunguka kona, lori la kokoto lilikuwa limesimama katikati ya barabara. Nikakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zangu zote, tairi likafunga, pikipiki ikageuka ubavu na kututupa. Mimi nilichunika kiwiko. Yeye mguu wa kulia ulivunjika juu ya goti, maharage yakatapakaa barabarani, na dereva wa lori akaniuliza kama nimelewa.

Mguu ulipona ukiwa mfupi. Sasa anachechemea, na kukiwa na baridi ya asubuhi analishika paja akiinuka kitandani. Hakunilaumu hata siku moja. Ningependa angenilaumu, maana lawama ina majibu. Alichofanya ni kuacha kupanda pikipiki yangu. Siku za soko anatoka na kapu, ananipita hapo uani nikiwa nimeshawasha, anatembea na mguu wake hadi kijiweni na kupakiwa na kijana yeyote aliyepo. Watu waliona. Kijiweni walinitania, "Mzee, abiria wako tumemchukua," nami nikacheka nao. Moyoni nilikuwa naumia, kwanza kwa aibu, halafu kwa woga, kwa sababu breki za pikipiki zile zote nilizilegeza mimi.

Mwaka huu likaja tangazo kwamba kuna mafunzo ya wiki moja ya kuendesha pikipiki, kwenye uwanja mmoja pale Kasulu. Nilimwambia mke wangu naenda kwa ajili ya leseni. Akasema, "Sawa, Baba," akaendelea kupepeta.

Mwalimu alikuwa mwanamke, ametokea Mwanza, umri wake unakaribiana na wa binti yangu wa kwanza. Sitaficha, nilinuna. Asubuhi ya kwanza alipita akikagua pikipiki zetu, akafika kwenye yangu, akabonyeza ule mkono wa breki. Ukaenda hadi mwisho bila upinzani.

"Shikamoo, baba. Hii breki imeenda wapi?"

"Marahaba. Niliitoa."

"Kwa nini?"

"Inaua."

Akageukia wengine. "Nani mwingine ameitoa?" Mikono ikapanda karibu yote. Jamaa mmoja aliyetoka Kibondo akaona asiishie kunyoosha mkono tu. "Mwalimu, sisi Kibondo hiyo kitu tunaitoa siku ya kwanza. Kuna mzee mmoja huko Nyakitonto ndiye alileta hiyo akili. Wanasema kaendesha miaka yote, hajawahi kuanguka."

Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba.

Mwalimu hakugomba. Aliniita mbele, akaniambia nisimame wima, akanisukuma kidogo mgongoni. Nikapepesuka mbele, mguu mmoja ukatangulia kunidaka. "Uzito umekwenda wapi, baba?" Nikamwambia umekwenda mbele. "Basi na pikipiki ni hivyo hivyo. Ukifunga breki, uzito wote unahamia tairi la mbele. La nyuma linabaki jepesi, ukilibana linateleza. Wewe umeitoa breki ya lile linaloshika, umebaki na ya lile linaloteleza." Kisha akasema breki ya mbele haivutwi ghafla, inakamuliwa, kama mtu anavyokamua ng'ombe asiyetaka kushtuliwa.

Somo lenyewe halikufika dakika mbili. Nilikaa chini kwenye majani nikawa naona ile kona, lile lori, ule mguu. Miaka yote ile kumbe ilikuwa bahati tu, na mimi nikiiita ujuzi. Nilitamani kurudi nyumbani nikalale.

Nilirudisha waya wa breki siku hiyohiyo, nikajifunza kukamua. Hilo halikunisumbua sana. Kilichonitesa ni zoezi la mwendo wa polepole. Mwalimu alipanga mawe mistari miwili, katikati njia nyembamba, akasema tupite kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kugusa mguu chini. Anayefika wa mwisho ndiye mshindi. Wenzangu walicheka, mimi nikaona hilo ni la watoto. Nikaingia, nikapepesuka, nikagusa chini kabla ya jiwe la nne. Nikarudia, nikaangukia ubavuni mbele ya watu wote, jamaa wa Kibondo akanisaidia kuinua pikipiki huku akinipa pole. Nilikuwa najua kukimbia tu. Pikipiki ikienda kasi inajishikilia yenyewe, ila ikienda polepole lazima wewe ndiye uishike, kwa klachi nusu, breki ya nyuma kidogo, na macho yatazame mbali badala ya kutazama tairi.

Kila jioni nilirudi Nyakitonto mgongo ukiwa kama umepigwa kwa mchi. Nilipanga matofali uani nikawa nazunguka humo kama kuku aliyefungwa kamba. Mke wangu alikuwa jikoni, mlango wazi, anasonga ugali wa muhogo. Hakuuliza. Mara moja tu nilipogonga tofali akasema "Yoo!" kwa Kiha chetu, akaendelea kusonga.

Siku ya mwisho nilipita njia ya mawe mpaka mwisho, wa pili kutoka nyuma. Nilipewa karatasi. Nikaiweka mezani nyumbani, mke wangu akafuta mikono, akaisoma polepole.

"Wamekufundisha nini?"

"Kusimama."

"Miaka yote hiyo ulikuwa hujui kusimama?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu mwaka juzi, kuhusu mvua, kuhusu lori, kuhusu dereva aliyeegesha vibaya. Yote yakanikauka. "Nilikuwa sijui, Mama. Nilikuvunja mguu kwa kutokujua, halafu nikaona aibu kusema. Nisamehe."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye kabati pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto. "Ego," akasema. Ndiyo. Sikujua amekubali nini, sikuthubutu kuuliza.

Kesho yake nilikwenda kijiweni na spana nikawaambia vijana warudishe breki zao. Walicheka sana. "Mzee baba, si wewe uliyetufungulia?" Ndiyo, ni mimi. Wawili walikubali nikawakazia, wengine wakasema watafikiri. Nitarudi tena, ingawa kubomoa nilichojenga mwenyewe kunachosha kuliko kulima.

Siku ya soko niliwasha pikipiki uani bila kutegemea kitu. Mke wangu akatoka na kapu, akasimama, akabonyeza mkono wa breki ya mbele kwa kidole kimoja. Ulikuwa mgumu. Akanipa kapu nilifunge, akapanda. Zamani alinishika kiunoni. Sasa alishika chuma cha keria nyuma yake, kwa mikono yote miwili, nami nilihisi jinsi alivyokaza mwili.

Tulipofika juu ya ule mteremko sikuzima injini. Niliingiza gia ya chini, nikaanza kukamua breki taratibu.

"Nishushe," akasema.

Nikasimama. Akashuka, akarekebisha kitenge, akaanza kuteremka kwa miguu bila kugeuka, akichechemea pembeni ya barabara. Mafunzo ya wiki nzima yaliniishia pale. Ningeweza kutangulia kumsubiri mtoni, kama wafanyavyo wenye haraka. Nikabana klachi nusu, nikakanyaga breki ya nyuma kidogo, nikamfuata.

Hatua yake moja ndefu, moja fupi. Nikaenda hivyo hivyo kando yake, macho mbele, miguu juu. Bodaboda walitupita wakipiga honi, mmoja akapaza sauti, "Mzee, mafuta yamekata?" Sikumjibu, maana kujibu kungenifanya nigeuze shingo. Mabega yalikuwa yanawaka. Nilitaka kumwambia kwamba mwendo huu ndio ulioniangusha kila siku uwanjani, kwamba hiki ndicho kilichonishinda kuliko vyote, lakini sikuwa na pumzi ya kuongea.

Pale kwenye kona, mahali lori lilipokuwa limesimama, mguu ulimchoka. Aliusikilizia, akavuta hatua mbili, kisha akaweka mkono wake kwenye keria na kuegemea. Pikipiki ikalalia upande wake na uzito wote wa mwili wake. Nikaishika. Tukateremka hivyo mpaka mtoni, yeye ameegemea, na sikugusa chini.