Ombi Langu Mbele ya Baraza la Wembley

Mke wangu amenikataza kulisema hili mbele za watu, lakini nalisema: kwa muda wa miezi minane, mimi mtu mzima mwenye cheti cha masomo ya jioni, niliamini kabisa kwamba Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar, lile la kabla ya Mapinduzi, halijafungwa mpaka leo, ati kwa kuwa siku ile ya vurugu hakuna aliyepata nafasi ya kusimama na kutamka kwamba kikao kimeahirishwa, basi kisheria kikao kinaendelea, na wajumbe waliokimbilia London wanakiendesha kila mwezi katika sebule moja ya Wembley. Aliyenipa habari hii ni Sudi, tuliyekuwa tukipakia naye mizigo kwenye ghala moja la Hayes.

“Nimewaona kwa macho yangu,” aliniambia, “suti, tai, wanaitana Mheshimiwa. Barua yenye sahihi zao tatu, Mwingereza hathubutu kuikataa, maana ni yeye mwenyewe aliyewaapisha!”

Nikaona hoja hiyo haina tundu hata la kupitisha sindano.

Ningeicheka tu ikapita, lakini mama yangu alikuwa amenyimwa viza. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni baada ya miaka sita (mambo ya hesabu tusiyaguse), sherehe ya kupewa vyeti imekaribia, na mama kule Unguja ameshashona gauni na ameshawaaga majirani wa mitaa kumi na minne, mara ubalozi ukamjibu kwamba hawaamini atarudi kwao. Rufaa ilikuwa na siku tisa tu. Mtu mwenye akili angekwenda kwa wakili asubuhi yake, lakini mimi nikaamua, uamuzi mdogo tu, jamani, kungoja Jumapili ya kikao. Siku tano zikaliwa hivyo hivyo, usiku silali, mchana naweka maboksi ya Nairobi kwenye gari la Toronto.

Ombi nililiandika mara ishirini na moja, nikalitia ndani ya bahasha nyeupe nzuri, nikavaa suti ya kuazima iliyonibana mpaka pumzi nilikuwa nazivuta kwa zamu, nikapanda mabasi mawili mpaka Wembley. Mlango ulikuwa wa kijani kama alivyosema Sudi. Kabla sijabonyeza kengele ukafunguliwa na bwana mmoja mnene mwenye kofia ya viua, aliyeitazama bahasha kwanza kabla ya kunitazama mimi.

“Karibu, karibu! Tumewangoja tangu saa nane. Wenzako wako wapi?”

“Niko peke yangu, mzee.”

“Peke yako?” Akageuka ndani. “Waheshimiwa, kaja mmoja tu!”

Waheshimiwa! Nikaingia. Sebuleni walikuwa wazee kama kumi na wawili, kanzu na makoti, wamekaa kuzunguka kuta, na mbele kuna kiti kikubwa kitupu. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha kwamba anayeingia bungeni hukiinamia kiti cha Spika, basi nikakiinamia kile kiti, nikainama kweli kweli, na mshono wa suruali ukatoa sauti ambayo nina hakika walioko Southall waliisikia.

“Kijana ana adabu,” akasema mzee mmoja.

“Kaa hapo hapo, ndicho chako,” akaniambia yule mnene.

Mimi? Kiti cha Spika? Nilikikalia kwa ncha, jasho linanitiririka, nikaletewa kahawa na halua na hakuna mtu aliyeniuliza jina wala shida yangu. Wananiuliza habari za safari, habari za wazee, mvua huko ikoje. Nikasema moyoni, hivi ndivyo mabaraza yanavyofanya kazi, hawana haraka, lakini mama yangu ana siku nne! Nikasimama huku nimeshika mshono kwa nyuma, nikanyoosha bahasha kwa mkono wa kulia.

“Wazee wangu, ninalolitaka limo humu.”

Pale pale vigelegele vikapasuka kutoka juu ghorofani, vya wanawake thelathini au hamsini, nami machozi yakanilengalenga, nikidhani ombi limeshapita, nikarudi kitini, mkono mmoja bado kwenye mshono, nikajipongeza kwa halua.

“Ama Ulaya imetubadilisha,” akanong’ona mzee wa pembeni. “Bwana harusi mwenyewe kaja kujiposea!”

Mnisadiki, neno lile lilinichukua muda mrefu kufika kichwani. Nilipokuwa bado naligeuzageuza, mwenye nyumba, Mzee Haroub, mrefu, mwembamba, mwenye miwani, alikuwa ameshafungua bahasha na anasoma kwa sauti ya kuwafikia wanawake walioko juu: “Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wajumbe. Mimi mtoto wenu mtiifu naomba kwa unyenyekevu mniidhinishie mama yangu mzazi, mjane, mwenye afya njema na tabia nzuri, ambaye naahidi sitakaa naye zaidi ya miezi miwili...”

Akavua miwani, akaifuta. 

Sauti ya bibi mmoja ikashuka ngazi: “Anamposa mama yake?”

Na kengele ya mlango ikalia.

Waliingia watu saba kutoka Birmingham, waposaji wenyewe, wamechelewa kwa sababu ya treni, wana masinia yaliyofunikwa vitambaa na bahasha yao nyeupe. Kiongozi wao akaniona mimi nimekalia kiti chake, kikombe cha kahawa mkononi, halua mdomoni.

“Huyu ni nani?”

 Bwana mnene akatazama zulia.

“Mzee Haroub,” akasema yule kiongozi, polepole, “kama binti ana mposaji mwingine, mngetuambia kwa simu. Sisi tuna heshima zetu.” Na aliyebeba sinia la mwisho akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Huko juu nikasikia mtu analia, na nikajua ni binti mwenyewe, mtu nisiyemjua hata sura, naye harusi yake inaondoka na masinia kwa ajili yangu. Nikaiachia suruali (liwalo na liwe), nikasimama katikati ya sebule nikaeleza yote: ghala, Sudi, kikao kisichoahirishwa, sahihi tatu, mama na gauni lake. Nikaapa kwamba sina mpango wa kuoa mtu yeyote wa nyumba ile. Nilisema mbio mpaka nikaishiwa na pumzi.

Mzee Haroub akampa kiongozi barua yangu. Akaisoma yote, mistari yote ishirini na nane, uso haucheki, kisha akaikunja.

“Imeandikwa vizuri kuliko yetu,” akasema, na akakaa kwenye kile kiti. Sinia la mwisho likarudi ndani.

Mzee Haroub akanishika bega akanitoa mpaka ukumbini, akanipa koti lake la mvua nijifunike nyuma.

“Nani kakwambia sisi ni baraza?”

“Mnaitana Waheshimiwa, mzee.”

“Tunataniana. Humu ndani niliyekuwa mjumbe ni mimi tu, kwa miezi michache, na nilisimama kusema mara mbili, moja ya hizo niliomba dirisha lifunguliwe. Baraza lile lilikwisha siku ya Mapinduzi, mwanangu. Halina kikao, halina mhuri, na sahihi yangu haimvushi mtu popote. Rufaa ya mama yako inapelekwa na wakili, na ofisi zao zinafunguliwa kesho saa tatu asubuhi. Siku nne zinatosha, ukizianzia huko.”