Injini ya Baba Kwenye Mashine ya Kusaga

Nilimwaga unga wote. Ulikuwa karibu debe zima, na niliumwaga mbele ya miguu ya baba mdogo, ndani ya banda lake la mashine ya kusaga pale Mfaranyaki, mtoto yuko mgongoni na foleni ya akina mama inanitazama. Kwetu mtu hamwagi unga. Ukidondoka unauzoa, unaupepeta, unaula. Mimi niligeuza debe juu chini nikalipiga matako ili hata chembe isibaki.

"Wee mama, umeanza kutambika humu?" mmoja kwenye foleni aliuliza, wenzake wakacheka.

"Chota unuse," nilimwambia. "Halafu ucheke."

Akainama, akachota, akanusa. Akaupangusa mkono kwenye khanga kama aliyeshika kinyesi.

Ulikuwa unanuka petroli. Siku tatu nilikuwa nampikia mwanangu uji wa unga ule, ambao nilimtuma mtoto wa jirani aende kuusagisha pale. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuacha ziwa. Alikuwa anautema, nami nikidhani meno yanaota nikawa namkaba mashavu na kumsukumia kijiko. Mimi mama yake. Akatapika, nikamfuta, nikamwongezea. Nilisugua sufuria kwa mchanga, nikamgombeza mume wangu bure kwamba ameweka mafuta ya taa karibu na chakula. Kijiko kile nilikitupa.

Siku ya nne nikaubeba unga uliobaki kwenda kulalamika kwa adabu. Nasema kwa adabu, kwa sababu ndivyo nilivyotoka nyumbani. Nilipofika mlangoni nikasikia mashine inavyonguruma, nikasimama. Mashine nyingine zote za mtaani zilikuwa za dizeli, zinapiga kifua kizito kama mzee mwenye pumu. Hii ilikuwa inavuta pumzi kwa koo mbili, nyembamba, safi. Sauti ile niliijua tangu nikiwa darasa la sita. Ilikuwa injini ya gari la baba yangu.

Baba alikuwa fundi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara ya lami. Mhandisi mmoja wa kigeni alipoondoka alimwachia gari lake la michezo, la milango miwili, kijani kibichi, fupi kama kiatu. Lilikuwa na kabureta mbili za kuivutia injini hewa na petroli, na baba alizirekebisha kwa masikio yangu. Alikata kipande cha mpira wa maji, ncha moja ananiwekea sikioni, nyingine anaisogeza kwenye kabureta ya kwanza, kisha ya pili. "Zinapumua sawa?" Nikisema ya kushoto inakoroma, anageuza skrubu kidogo tu, tunasikiliza tena. Wasichana wenzangu walikuwa wanasukana. Mimi nilikuwa nasikiliza kabureta.

Msinielewe vibaya. Baba naye aliwahi kulitia viraka. Miaka ile ya uhaba spea ungeipata wapi? Gasketi moja aliikata kwenye ngozi ya kiatu chake cha harusi. Lakini kila kitu cha asili alichokitoa alikifunga kwenye kitambaa, akakiandika jina, akakiweka kwenye sanduku la mbao. "Kiraka ni mgeni," alikuwa akisema. "Mgeni hapewi chumba cha mwenye nyumba." Siku akipata kifaa chake halisi, mgeni anaondoka.

Alipokuwa anaumwa aliwaita wazee wa ukoo, akasema mbele yao kwamba gari ni langu na lisibadilishwe kitu. Kadi ya gari akanipa mkononi. Siku ya kumaliza msiba wazee wakasema sawa, maneno ya marehemu tumeyasikia, ila binti ameolewa na ana mimba changa. Mwanamke anayenyonyesha ataendeshaje gari? Baba mdogo alitunze, mtoto akiacha ziwa amkabidhi binti. Nikakubali. Nilikuwa mjinga.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Mitumba imejaa sokoni, redio kubwa zinashuka kutoka kwenye mabasi ya Dar es Salaam, kila mwenye kitu anataka kionekane kipya. Baba mdogo naye akaambukizwa. Alianza na karatasi nyeusi kwenye vioo na honi inayoimba. Halafu akaipaka ile kijani rangi ya njano, kwa brashi, rangi ya milango! Michirizi ilikauka ubavuni kama makamasi. Kisha akakata bati la kuezekea, akaligongelea nyuma kwa misumari ya ribiti.

"Hilo nini, baba mdogo?"

"Bawa. Gari la mbio bila bawa ni jogoo asiye na mkia."

"Baba alisema lisibadilishwe."

"Baba yako alikuwa analifunika shuka kama maiti. Gari ni la kutumika, mwanangu, siyo sanamu la kanisani."

Nikameza. Alipoliinua kwa springi za lori, nikameza tena, maana hapo alikuwa na hoja. Kwenye barabara za vijijini lilikuwa linakwangua tumbo. Lakini alipokata paa kwa msumeno ili apakie magunia ya mahindi ya kuleta mashineni, nililia. Mume wangu akasema, "Mambo ya ukoo wenu, mimi sitii mguu." Nikajipoza kwamba mtoto yuko karibu kuacha ziwa, nitalichukua hivyo hivyo, injini ni nzima, sanduku la baba lipo. Mwili utashonwa.

Sasa nimesimama mlangoni pa banda, mtoto mgongoni, debe kichwani.

"Baba mdogo, hiyo injini umeitoa wapi?"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Umeitoa wapi?"

"Marahaba. Si ile ile? Haijaenda kwa watu, imo ndani ya ukoo. Ya dizeli imekufa, ulitaka watu watafune mahindi makavu?"

Dumu la petroli lilikuwa limening'inizwa juu kwa kamba ya katani. Mpira ulishuka mpaka kwenye kabureta, na pale ulipounganishwa ulikuwa umefungwa kitambaa kinachovuja, tone baada ya tone, moja kwa moja kwenye mfuko unaopokea unga. Baba mdogo alikuwa anaona. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, anatafuna muwa.

"Na gari?"

"Lipo nyuma, halijakimbia."

Nikazunguka. Lilikuwa limekalia mawe, bila magurudumu, na juu ya kiti cha baba kuku anaatamia. Hakushtuka hata kidogo, alinitazama tu kama mimi ndiye mgeni. Sanduku la mbao lilikuwa pembeni. Nikalifunua kwa pupa. Limejaa pumba. Vitambaa vyenye mwandiko wa baba vilikuwa vimegeuzwa vya kufutia mikono. Kimoja kilikuwa ndicho kile kinachovuja petroli.

Ndipo nikarudi ndani nikamwaga unga.

Mashine ilipozimwa nikachutama, nikakwangua vumbi la unga kwenye ubavu wa injini kwa ukucha mpaka namba ikatokea. Ile ile ya kwenye kadi, naijua kichwani.

"Mtoto wa kike kunidhalilisha mbele ya wateja kwa ajili ya vyuma!" baba mdogo alifoka. "Nenda barazani basi, kanishitaki."

"Nakwenda," nilisema, nikizoa unga kiasi cha kikombe kutoka pale chini.

Akacheka. Wale akina mama hawakucheka. Walikuwa wanafungua madebe yao, wananusa.

Asubuhi nilikuwa ofisi ya kata. Karani alisoma barua yangu akaguna. "Mama, gari lenyewe si zee tu? Andika habari ya unga peke yake, hiyo tutaishughulikia leo leo." Nikamwambia sikusoma hadi kidato cha nne ili nipunguziwe maneno yangu. Akapiga muhuri. Barua ilisema hivi:

Kwa Mwenyekiti, Baraza la Kata.

YAH: KUHARIBU GARI ALILOKABIDHIWA KULITUNZA, NA KUUZA HUDUMA YA KUSAGA UNGA UNAONUKA PETROLI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Namlalamikia baba yangu mdogo. Alikabidhiwa na ukoo gari la marehemu baba yangu alitunze mpaka mwanangu aache ziwa. Amelikata, amelipaka, amelikalisha juu ya mawe, na injini yake ameifunga kwenye mashine ya kusaga. Namba ya injini hiyo ni ile ile iliyo kwenye kadi ninayoimiliki.

Sidai anilipe. Nadai aing'oe injini kwenye mashine na kuirudisha ndani ya gari kwa gharama zake, atoe bati, aeleze kila kifaa cha sandukuni kimekwenda wapi, na gari nikabidhiwe kama lilivyobaki. Mwanangu ameacha ziwa wiki hii. Chakula chake cha kwanza kimekuwa petroli.

Naambatanisha kadi ya gari, na unga kiasi cha kikombe kimoja kwenye mfuko wa nailoni. Naomba wajumbe wote waunuse kabla ya kumsikiliza mlalamikiwa.