Mama Kitasa na ndoo inayoshika mlango

Saa mbili kasorobo asubuhi, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Mwanamke mfupi mwenye aproni ya buluu amesimama ndani ya chumba kisicho na dirisha, mkono wake wa kulia uko kwenye kitasa cha mlango. Ananyonga. Ulimi wa chuma unaingia, unatoka. Ananyonga tena, huku midomo yake ikihesabu. Anapofika kumi anapaka tone la mafuta, anafuta kwa kitambaa, kisha anaukagua mlango kwa jicho la mnunuzi asiyemwamini muuzaji.

"Hiki hakina neno," anasema. "Twende kwa mwenzake."

Wakati wote huo mlango haukuweza kujifunga hata kama ungetaka. Chini yake kulikuwa na ndoo nyekundu ya kudekia, imejaa maji pomoni, imeushikilia. Mpini wa ndoo hiyo ulikatika siku nyingi ukaungwa kwa waya, na hapa kazini ndoo ina heshima zake. Hakuna anayeisogeza bila kuomba ruhusa.

Wateja wanamwita mwanamke huyu Mama Kitasa. Jina la kwenye kitambulisho wanalijua watu wachache, na yeye mwenyewe hana haraka ya kuwaongeza.

Kazi yake ni kusimamia chumba cha mafumbo. Kwa asiyejua, huu ni mchezo ambao watu wazima, wenye akili zao timamu, wanajifungia chumbani kwa hiari. Wanaingia wawili hadi sita, mlango unafungwa, na saa ya ukutani inaanza kuhesabu dakika sitini kurudi nyuma. Humo ndani kuna kabati, redio ya zamani, picha za ukutani na kufuli chungu nzima. Kila kitu kimeficha fumbo, na kila fumbo linalofumbuliwa linatoa namba ya kufuli nyingine, mpaka mfikie sanduku la mwisho. Mkikwama, Mama Kitasa anayewatazama kwenye skrini chumba cha jirani anawarushia kidokezo kupitia spika.

Mlango wenyewe haupigwi ufunguo hata siku moja. Anayetaka kutoka ananyonga kitasa na kwenda zake. Hilo ndilo watu wengi hawalijui, na ndilo limempa Mama Kitasa jina.

Ukimwona akiwaliwaza wageni wanaotetemeka mlangoni, utadhani alizaliwa bila woga. Ukweli ni kwamba kwa miaka minne ya kazi hii hajawahi kukaa ndani ya vyumba hivi mlango ukiwa umefungwa. Hata dakika moja.

Miaka saba iliyopita alikuwa mfungashaji katika chumba cha baridi cha kampuni moja ya kusambaza nyama. Kitasa cha ndani kilikuwa kimekufa. Wafanyakazi waliripoti, wakaambiwa fundi yuko njiani, na fundi huyo akawa njiani kwa miezi mitatu. Walichofanya ni kuwekeana zamu: akiingia mmoja, mwenzake anasimama mlangoni. Siku hiyo mwenzake aliitwa kupokea mzigo, akauachia mlango, nao ukajifunga.

Alikaa humo dakika arobaini na tatu.

"Niligonga mpaka mikono ikafa ganzi," anasimulia, akijisugua vidole kana kwamba baridi bado imo. "Lakini wakati nagonga sikuogopa sana. Niliogopa nilipoona nimeacha kugonga, halafu usingizi unaninyemelea."

Walimtoa, wakampa chai, wakampa pole. Kesho yake kitasa kilikuwa kilekile. Aliacha kazi siku ileile, na tangu hapo mlango uliofungwa ukawa adui yake. Nyumbani walilala mlango wa chumba ukiwa wazi. Bafuni alioga mlango ukiwa wazi, huku mumewe, fundi viatu mwenye maneno mengi, akiwa ameweka kiti ukumbini akimwimbia ili ajue kuna mtu karibu.

"Nyimbo nilizozijua ziliisha mwaka wa kwanza," mume analalamika kwa uso mkavu. "Nikaanza kutunga zangu. Mke wangu ndiye shabiki pekee niliye naye, na hata yeye hana pa kukimbilia."

Miaka minne iliyopita akapata kazi ya usafi hapa. Mumewe alicheka hana mbavu. "Umekimbia mlango mmoja, umekwenda kuajiriwa na milango mitano!" Lakini kazi zilikuwa zimeadimika, na Mama Kitasa akapiga moyo konde. Siku ya kwanza aliijaza ndoo maji, akaiweka mlangoni, akadeki mbio mbio huku jicho moja likiilinda.

Ni kutokana na kusimama pale ukumbini na ndoo yake ndipo alipoanza kuona jambo ambalo wengine hawakuliona. Watu walikuwa wanafika mlangoni wakiwa wamelipa, wamechangamka, halafu wanageuka. Mmoja anakumbuka ameacha jiko linawaka. Mwingine tumbo linamkata ghafla.

Aliyemgusa zaidi ni dereva mmoja wa lori, pande la mtu, aliyekuja na mkewe na mashemeji zake. Alifika mlangoni mara tatu, na mara zote tatu akarudi nyuma akidai anapokea simu. Mara ya tatu akamkuta Mama Kitasa anakamua tambara.

"Kaka, simu yako haijaita," Mama Kitasa alimwambia kwa sauti ya chini, mashemeji wasisikie.

Kijasho chembamba kilikuwa kinamtiririka dereva. "Mama, mimi nalala kwenye lori porini peke yangu, siogopi mtu wala mnyama. Ila chumba hiki, mh! Hapana."

"Sikwambii usiogope. Njoo ushike hiki. Nyonga mwenyewe. Kimefunguka?"

"Kimefunguka."

"Nyonga tena. Humo ndani hakuna aliyekufungia. Ukitaka kutoka, mkono wako ndio ufunguo, na mimi nipo hapa ukumbini na ndoo yangu."

Dereva alinyonga mara tano, akaingia. Baada ya saa moja alitoka akipiga kelele za ushindi mpaka wauza magodoro wakapanda kuuliza kuna nini. Siku hizi huja kila anapokuwa mapumzikoni.

Tangu siku hiyo hakuna mgeni anayeingia bila kunyonga kitasa kwa mkono wake mwenyewe. Seremala aliyejenga vyumba hivi, ambaye ndiye mwenye mradi, anasema zamani katika kila watu mia moja, tisa waligeukia mlangoni. Mwaka jana waliingia zaidi ya elfu tatu, na waliogeuka ni kumi na wanne tu.

Mama Kitasa amejifunza kwamba hofu ya kufungiwa ina ndugu zake. Kuna wanaoogopa kurukiwa na mizimu. "Hakuna mzimu hapa," huwaambia. "Angekuwepo, angelazimika kuripoti kazini saa mbili kama mimi."

Kuna wanaoogopa kuonekana wajinga, na hao mara nyingi ni mabosi. Anamkumbuka meneja aliyeletwa na wafanyakazi wake, akasimama pembeni amekunja mikono, eti anawaangalia tu. Mama Kitasa akashika kipaza sauti: "Baba uliyekunja mikono, wenzio ni wafupi, juu ya kabati hawafiki." Meneja akanyoosha mkono, akatoa bahasha. Dakika mbili baadaye alikuwa amepiga magoti chini ya meza anamulika kwa tochi. Alitoka suruali ikiwa na vumbi, akidai bila yeye wasingetoka.

Na kuna wanaoogopa kuwa mzigo. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alitaka kubaki kwenye benchi, wajukuu waingie wenyewe, kwa kuwa macho yake hayaoni vitu vidogo. "Bibi, wanaoona wako wengi," Mama Kitasa alimwambia. "Anayekosekana ni wa kuwanyamazisha ili wasikilizane." Bibi aliingia, akapiga makofi mawili, kukawa kimya, na mafumbo yakaanza kwenda kwa mpangilio.

Siri yake mwenyewe ilifichuka kwa kosa la ndoo. Asubuhi moja yenye wateja wengi aliitwa chini haraka, na alipopita mlangoni akaisukumia ndoo ndani badala ya nje. Kundi la watu sita likaingia. Katika mchezo ambao kila kitu kinaweza kuwa fumbo, nani angeamini kwamba ndoo ni ndoo tu? Walisoma namba zilizochapwa kwenye kitako chake, wakazijaribu kwenye kufuli zote. Walipima maji kwa kikombe. Mmoja alilikamua tambara kwa uangalifu mkubwa, akitafuta maandishi. Ziliwaishia dakika ishirini na mbili.

Seremala aliyekuwa kwenye skrini hakujua acheke au alie. Baadaye akamwuliza ndoo ilifuata nini pale mlangoni, na Mama Kitasa, kwa mara ya kwanza, akasimulia habari za chumba cha baridi.

"Nilimsikiliza mpaka mwisho," seremala anasema. "Nikajiuliza, mtu huyu amewaingiza maelfu mahali ambapo yeye mwenyewe hathubutu. Nikaona huyu ndiye wa kukaa kwenye kipaza sauti." Akamtoa kwenye usafi, akamfanya msimamizi. Ndoo akaiacha ilipo.

Lakini mwezi huu seremala amekamilisha chumba kipya, kidogo kuliko vyote, kilichotengenezwa mfano wa chumba cha nahodha wa meli. Anataka Mama Kitasa awe mkuu wa chumba hicho. Na nyumba hii ina sharti moja: hakuna anayesimamia chumba ambacho hajakicheza, mlango ukiwa umefungwa, dakika zote sitini. Alipopewa kusimamia chumba cha zamani, sharti lilifumbiwa macho. Safari hii Mama Kitasa mwenyewe amekataa lifumbiwe.

"Nitamwambiaje mtu kwamba humu ndani kuna usalama, nami sijui?" anauliza. "Huko si kusema uongo?" Alijipa hadi Ijumaa. Akishindwa, cheo kiende kwa mwingine.

Ijumaa ni leo. Saa nne, mumewe amefika na viatu vilivyong'arishwa, kana kwamba anakwenda kuoa upya. Dereva wa lori naye yupo. Amesikia habari, ameegesha gari mtaa wa pili. Seremala anakaa kwenye skrini. Mama Kitasa amesimama mbele ya mlango. Anaitazama ndoo.

"Mama," dereva anasema, "shika kitasa. Nyonga mwenyewe."

Ananyonga. Ananyonga mara kumi, na hakuna anayecheka. Kisha anainama, anainyanyua ndoo kwa mikono miwili, na kumkabidhi dereva.

"Nishikie. Usiende popote."

"Siendi."

Anaingia na mumewe, mlango unafungwa.

Kwenye skrini anaonekana amesimama katikati ya chumba, mikono kifuani. Mumewe anasema neno, kisha anaanza kuimba wimbo wake mmoja mbaya wa bafuni. Mama Kitasa anamkemea, na katika kumkemea anajikuta amefungua droo. Wanapata ramani. Wanapata namba ya kwanza. Dakika ya kumi na saba, ghafla, anaacha kila kitu, anaufuata mlango na kuweka mkono kwenye kitasa. Seremala anasimama. Saa inaendelea kuhesabu.

Mlango unafunguka upana wa kiganja.

"Upo?"

"Nipo, Mama." Dereva bado ameikumbatia ndoo, maji yamemlowesha shati.

Mama Kitasa anamtazama, anaitazama ndoo. Halafu anausukuma mlango mwenyewe, taratibu, mpaka ulimi wa kitasa unalia mahali pake. Seremala anageuza uso ukutani, anajifuta macho kwa mkono wa shati, na hajali nani anamwona.

Sanduku la mwisho hawakulifungua. Dakika sitini zimekwisha wakiwa na namba tatu kati ya nne, na seremala anapotaka kuwapa ya nne, Mama Kitasa anaziba masikio. "Usiniambie! Nitarudi kesho." Shingo yake imelowa jasho, na anacheka mpaka anakaa chini. Chumba cha nahodha kitafunguliwa Jumatatu, na mkuu wake ni yeye.

Kesho yake asubuhi anakutwa palepale, ananyonga vitasa. Ndoo iko kwenye kabati la vifaa vya usafi, na mlango umeegeshwa tu. Mumewe amemfuata na chai ya chupa, na analeta mashtaka.

"Jana jioni nimeweka kiti changu ukumbini kama kawaida, nimesafisha koo. Nikasikia mlango wa bafu umefungwa. Nikaambiwa, 'Baba watoto, nenda kasikilize redio.' Miaka saba ya usanii, imekwisha hivyo hivyo!"

Mama Kitasa anatabasamu. Anafungua mkoba wake na kutoa kifurushi cha gazeti. Ndani mna kitasa kipya cha chuma kizito, kina skrubu zake nne. Anataka kwenda nacho wiki ijayo kule kwenye chumba cha baridi, pamoja na seremala na bisibisi yake. Ameulizia: mfungashaji wa sasa ni mwanamke mwingine, na wenzake bado wanawekeana zamu mlangoni.

"Nitaomba wanifunguie niingie," anasema. "Nitanyonga kile cha ndani mara kumi. Kikifanya kazi, nitawashukuru nirudi nyumbani. Kisipofanya, sitaripoti tena kwa mtu. Nitakifunga hiki."