Nilivyotengeneza meza ya router kule Kapsoit, nikamwambia Mama ni ya rafu

Wakuu, salamu popote mlipo. Leo sina siasa wala mpira. Nina meza tu.

Yote nitakayosema yalitokea. Kama nimesahau kitu basi ni rangi ya shati niliyovaa, si mambo yenyewe. Mwenye haraka apite, huu uzi unatembea pole pole.

Kwetu ni Kapsoit, ukitoka Kericho town ukishuka kuelekea Kisumu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa stima kwa factory moja ya majani chai, shift ya asubuhi.

Baba alikuwa ameshatutangulia. Jiko la Mama lilikuwa upande huu, nyumba yangu na bibi yangu Chebet upande ule, na katikati kibanda cha mabati kilichokuwa cha ndama. Ndama tuliwahamisha, kibanda nikakigeuza workshop. Stima tulikuwa nayo kwa sababu line ya factory ilipita karibu na ua wetu.

Vijana, router ninayosema si ile ya WiFi. Ni mashine ya mkono, ina mota na kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi sana, cha kuviringisha kona za mbao na kuchimba mifereji. Mjomba wangu alikuwa seremala wa estate ya chai. Alipostaafu walimpa hiyo mashine iwe zawadi, na kwa vile kelele yake ilimkera, akaniachia mimi.

Sasa router ukiishika mkononi inafaa kwa ubao mkubwa. Kijiti chembamba cha upana wa vidole viwili huwezi. Kinacheza, kinatoroka, na vidole ni vyako. Dawa yake ni kuigeuza mashine kichwa chini, uifunge chini ya meza, kisu kichungulie kwa tundu, halafu upitishe mti badala ya kupitisha mashine. Hiyo ndiyo router table. Dukani Kericho sikuwahi kuiona.

Mtauliza, vijiti vyembamba vya nini?

Chebet, kabla sijamwoa, alikuwa yaya kwa nyumba ya meneja wa estate. Huko aliona kitanda cha mtoto chenye vijiti vya mviringo pembeni. Siku moja, tukiwa bado wachumba, tukipita kwa njia ya katikati ya chai, akaniambia angependa mtoto wake alale kwa kitanda kama hicho. Alisema mara moja tu. Nikacheka, kwa sababu kwetu mtoto hulala na mama yake na hakuna aliyewahi kulalamika.

Tukaoana. Tukapoteza mimba ya kwanza. Tukapoteza ya pili, na hiyo ilikuwa imeshaonekana, watu wameanza kumsalimia kwa upole.

Baada ya hapo Chebet hakutaja kitanda tena. Hakutaja mtoto. Wenzake wa rika waliitwa Mama nani na Mama nani, yeye akabaki Chebet tu. Kila nikisikia akiitwa hivyo sokoni, roho iliniuma.

Ya tatu ilipokuja hakuniambia kwa mdomo. Niliona ameacha kunywa chai ya asubuhi, nikanyamaza.

Hapa niweke mambo wazi. Kwetu, mtoto ambaye hajafika hatayarishiwi kitu. Sijui kwenu. Hununui nguo, hutafuti shuka, hutaji jina. Mama alikuwa mkali kwa hilo, na baada ya zile mbili akazidi. Ungeleta kofia ya mtoto nyumbani mapema, angekusindikiza nayo mpaka barabarani.

Kwa hivyo kitanda sikuweza kutengeneza. Lakini hakuna mila inayomkataza mtu kutengeneza meza.

Nikaanza meza.

Wakati huo factory ilikuwa inaacha masanduku ya plywood ya kupakia chai na kuhamia magunia ya karatasi. Yaliyovunjika yalijaa nyuma ya store. Rafiki yangu Odhiambo, wa boiler, mtu wa kutoka upande wa ziwa na utani wake haukauki, alituombea ruhusa tukabeba. Kila nyumba kwetu ilikuwa na sanduku la chai, la nguo au la vifaranga. Mimi niliyapasua, nikabandika plywood zake moja juu ya nyingine mpaka ziwe na unene wa meza.

Na hapo nikafanya kosa ambalo naamini ni mtu wa chai peke yake angefanya.

Ndani ya yale masanduku kuna karatasi ya fedha ya kuzuia unyevu. Sisi wa factory tuliiheshimu sana, maana ikitoboka chai inaharibika. Nikajiambia, Kericho hii mvua ni kila alasiri, wacha hii karatasi ibaki katikati ilinde meza yangu. Nikapaka gundi juu yake, nikalundika mawe na magunia ya mbolea, nikangoja kwa furaha.

Siku ya kuifungua, Chebet alikuwa anatoka kuchuma chai, fito mkononi. Wasiojua: mchumaji huwa na fito nyembamba iliyonyooka, anailaza juu ya michai aone usawa, na kinachozidi fito ndicho anachochuma. Kwa mazoea tu akailaza juu ya meza yangu, akainama.

"Huku katikati naona mwanga," akasema.

Odhiambo, aliyekuja kushuhudia, akashika kona, akainua. Tabaka la juu likatoka zima, linang'aa.

"Omera, ndugu yangu, hizi ni chapati za jana," akasema. "Zimekataa kushikana."

Chebet akacheka mpaka akashika mlango. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu ile ya pili, na kusema ukweli meza ilinitoka kichwani kabisa. Nilisimama tu nikimwangalia.

Nikaanza upya. Nikakwangua fedha yote, nikabandika mbao kwa mbao juu ya sakafu ya simiti, na mara hii fito ilipolazwa mwanga haukupita. Mahali pa kufungia mashine nilikata kipande cha bakelite, ile plastiki ya zamani, cha switchboard kuukuu, kigumu na laini, nikakizamisha kikae sawa na meza, skurubu zake zimezama pia ili zisikwaruze mti. Nyuma ya kisu nikaweka ubao mnyoofu wa kuegemeza kazi, umefungwa kwa clamp pande zote mbili. Ukitaka kukata zaidi unausogeza nyuma kidogo. Hakuna maajabu.

Hizo zilikuwa siku nzuri, wakuu. Natoka shift saa nane, ukungu umeshuka mpaka kwa ua, mvua inaanza kwa mabati, na ndani ya kibanda mbao za masanduku zinanuka chai kavu. Unaweza kushika randa na usijue kama umelala au uko macho. Wakati mwingine nilisahau kwa nini nilianza. Wakati mwingine nilikumbuka, na moyo ukawa mzito.

Vijiti nilipasua kutoka kwa mukima, ile miti ya kando ya shamba la chai. Lakini mti mbichi hauwezi kukauka Kapsoit ukiuweka nje. Hewa yenyewe ni maji. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu: juu ya moto wa Mama, kwa ile dari ya miti tunayoita tabut, ambapo aliweka mahindi ya mbegu na kuni za akiba.

Nikampelekea mzigo wangu umefungwa kamba.

"Ya nini hii?" akauliza.

"Ya rafu, Mama."

"Rafu."

"Ndio. Ya vyombo vya Chebet."

Akaviangalia vile vijiti, vyembamba vyote, urefu mmoja. Akaniangalia mimi. Kisha akasogeza mahindi yake, akaniachia nafasi. Nilitoka pale nikijiona mjanja kama sungura.

Siku ya kwanza ya kuwasha meza nilichukua kipande cha kujaribia. Nikafanya vile mkono ulivyozoea, kutoka kushoto kwenda kulia.

Anayejua ameshashika kichwa. Mashine ikigeuzwa juu chini, kisu nacho kinazunguka kinyume. Kwa meza lazima utoke kulia kwenda kushoto, mti upingane na kisu. Ukifuata kisu, kinakunyang'anya.

Kilininyang'anya. Kijiti kiliondoka mkononi sikukiona. Chebet alikuwa amefika mlangoni, upande wangu wa kulia, na kikombe changu cha chai, na nilichosikia ni kikombe kuvunjika. Kijiti kilipita mbele ya tumbo lake, kikagonga fremu ya mlango, kikaanguka nje kwa matope.

Hakuumia. Narudia ili mtulie, hakuumia. Lakini nilizima mashine, nikakaa chini palepale kwa vumbi la mbao.

Mama alikuja kutoka jikoni. Akaona kikombe, akaona tumbo, akaona mashine. Hakupaza sauti.

"Funika hiyo kitu yako," akasema. "Hapa tumeshanyang'anywa vya kutosha."

Nikaifunika na gunia.

Sikuifunua kwa muda mrefu. Mvua zikaongezeka. Nilikuwa natoka kazini napita kibanda bila kuangalia, naenda kukata majani ya ng'ombe. Niliogopa, basi. Niliona kama nimeita kitu kwa jina lake kabla ya wakati, na hicho kitu kilikuwa kinaangalia kutoka kwa ukungu kione kama nitarudia.

Kisha jioni moja, kabla giza halijaingia, tumekaa kwa mlango na Chebet tunatoa mahindi kwa magunzi. Akasema, bila kuniangalia:

"Siku hizi mbona huwashi mashine?"

"Nimechoka nayo."

Akaendelea na mahindi. Halafu akaweka mkono kwa tumbo.

"Huyu aliipenda. Siku ile tu ndiyo aliisikia, akatulia. Sasa anazunguka kutwa nzima."

Wakuu, ilikuwa mara ya kwanza aseme "huyu". Miezi yote ile tulikuwa tunaishi na mtu ambaye hatumtaji. Nililia, na sioni haya kuandika hapa.

Kesho yake nikatoa gunia. Kabla ya kuwasha nilichora kwa chaki mshale mkubwa juu ya meza, kutoka kulia kwenda kushoto. Kijiti cha kusukumia kazi, ili vidole vikae mbali na kisu, nilikata kutoka kwa fito ya Chebet iliyovunjika. Yeye nilimwekea kiti nje, kwa baraza ya nyumba yetu isiyonyeshewa, upande wa kushoto nyuma ya ukuta wa mawe, mahali hata risasi haiwezi kufika. Akakaa pale amejifunga shuka, mashine inalia, mvua inanyesha, na nilipochungulia nikakuta amelala.

Vijiti nilivimaliza. Nikachimba na mifereji ya mbao za juu na za chini. Kisha nikavirudisha vyote kwa tabut ya Mama, maana kitanda kilichosimama ni kitanda, lakini vijiti ni vijiti tu. Mama hakuniuliza tena.

Mtoto alizaliwa hospitali alasiri moja yenye mvua. Mimi nilikuwa juu ya ngazi factory, nabadilisha taa. Odhiambo ndiye aliyekuja mbio kutoka getini, na mara hii hakuwa na utani.

"Shuka pole pole," akasema. "Wote wako sawa. Ni msichana."

Tulimwita Cherop, mtoto wa mvua.

Siku tuliyowaleta nyumbani Mama alitupokea, akamshika mtoto, akamnong'oneza mambo yake ya Kipsigis. Akamrudishia Chebet. Kisha akaenda jikoni kwake, akarudi amebeba ule mzigo wangu, kamba ileile. Akauweka miguuni pangu.

"Sasa tengeneza rafu yako," akasema. "Mwenyewe amefika."

Nilipokata kamba niliona kitu. Vijiti vilikuwa vimenyooka vyote, hakuna hata kimoja kilichopinda. Mti ukikaa juu ya moto upande mmoja lazima upinde. Nikamtazama Mama.

"Nilikuwa naigeuza asubuhi nikiwasha moto," akasema. "Rafu iliyopinda itabeba nini?"

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Yule niliyemwogopa miezi yote alikuwa anaamka alfajiri kunitunzia siri.

Kile kitanda kilinuka moshi mpaka Cherop akaanza kutembea. Baadaye kililaza wadogo zake, kisha watoto wa ndugu, kisha sijui kiko kwa nani. Mama naye ameshatuacha, Mungu amlaze pema. Jiko lake liko. Meza iko, mshale nimeurudia kwa rangi.

Nilichojifunza ni viwili. Cha kwanza, kwa meza ya router ni kulia kwenda kushoto, na asisimame mtu yeyote upande wako wa kulia. Cha pili, msidharau mila kwa sababu haisemi sana. Nilidhani ya kwetu inakataza matumaini, kumbe inayaficha tu mahali pakavu.

Kilichonifanya niandike leo ni simu. Mwezi uliopita Cherop alinipigia kutoka Bomet, ambako ameolewa. Tukaongea mvua, tukaongea ng'ombe. Halafu akauliza:

"Baba, ile meza yako bado inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Nilikuwa nataka rafu."

Nikasema sawa. Nimeshapasua mukima. Leo asubuhi nimepita kwa jiko la Mama, moshi unatoka, na ndani Chebet amesimama juu ya kiti anageuza vijiti.

Karibuni kwa maoni. Mwenye swali la router aulize chochote, nitajibu. Mwenye swali la rafu, naomba asubiri kidogo.